Zima, Bwana

Watu wakiniona natembea, huniambia nimshukuru Mungu. Nimekwisha kumshukuru, tena mara mbili: mara moja kanisani, na mara moja nyumbani kwa sababu kanisani kulikuwa na kelele. Sasa naomba nafasi ya kuwa na hasira. Hasira ndiyo iliyobaki mwilini, na naona itamfaa mtu mwingine kuliko shukrani zangu.

Naandika kwa ajili ya watu wa aina mbili. Wa kwanza ni yule anayesukuma mashine ya kukatia majani katika bustani ya mtu mwingine. Wa pili ni yule mwenye kidonda kilichoingia udongo, ambaye amefungwa kitambaa cheupe akaambiwa aende nyumbani. Mimi nimekuwa watu hao wawili kwa wakati mmoja, kwa muda wa siku tisa. Habari za vijidudu na mishipa mwulize daktari. Mimi nitasema niliyoyaona na yaliyoniuma.

Naitwa Kaijage, mtu wa Kagoma, Muleba. Kazi yangu ni mdomo. Nanunua mbuzi kwa mtu asiyetaka kuuza, namwuzia mtu asiyetaka kununua, na wote wawili huondoka wakidhani wamenipunja. Lakini mbuzi wana majira yao. Mwaka ule nilikuwa Bukoba mjini, nimepanga chumba Miembeni, nyapara katika kundi la watu sita waliofyeka majani kwenye nyumba ya meneja wa kampuni moja ya kahawa, kule chini karibu na ziwa.

Majani yale yalinishangaza tangu siku ya kwanza. Sisi Wahaya tunakata majani ya rweya, yaani ya mbugani, tunayatandika ndani ya nyumba, mtu anakaa juu yake anakula chakula chake. Mengine tunaezekea. Majani ya meneja hayatandikwi, hayaezekwi, na ng'ombe akiyasogelea anafukuzwa. Yanakatwa ili yaote, yakiota yanakatwa. Nilidhani ni adhabu ya mfungwa, kumbe ni bustani.

Mashine ikaja kwa meli, ndani ya sanduku la mbao. Watu sita wakapunguzwa wakabaki wawili: mimi na Laurenti, mtu mzima mwenye watoto wanne, mkimya, hodari wa kufyeka. Nisijifanye malaika. Niliiomba mimi mashine ile. Nilimwendea meneja nikamweleza kwa nini inafaa niishike mimi, na wale wanne wakaenda zao. Hasira yangu naigawa kwa haki, na fungu langu limo.

Meneja alitufundisha asubuhi moja, na aliyoyafundisha vizuri nayaandika kama yalivyo. Oili kwanza, upime kwa kijiti chake, ndipo petroli. Petroli itiwe wakati injini imepoa, juu ya kokoto, mbali na moto. Alisema hivyo akiwa na kiko mdomoni kinachofuka. Magurudumu manne, kila moja lina vitundu vyake vya kupandisha na kushusha, na yote manne yawe kwenye kitundu kimoja, la sivyo majani yanatoka kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa gizani. Kabla ya kuwasha, zunguka uwanja wote kwa miguu uokote mawe, mifupa na vipande vya waya, maana kile kisu cha chini kikilipata jiwe hulirusha kama bunduki. Mimi nilizunguka mara mbili. Mteremko ukate kwa ubavu, usipande wala kushuka. Mashine iende mbele yako, usiivute kuja miguuni mwako. Na vaa viatu. Alitupa jozi moja ya buti. Tulikuwa watu wawili wenye miguu minne. Hesabu hiyo nilimwonyesha, akasema tutapokezana.

Mwisho akasema: majani yenye maji yasikatwe. Yanaganda chini ya ile kofia ya chuma, yanaifunga.

Ilikuwa masika. Mvua ya Bukoba haikuulizi. Ilinyesha usiku kucha, na asubuhi meneja akatoka barazani na kikombe cha chai.

"Kaijage! Leo kata majani. Mgeni kuja jioni."

"Bwana, majani yana maji. Bwana mwenyewe alisema..."

"Mimi sema jana. Leo mimi sema leo."

Laurenti akaniangalia. Nikamwambia, "Umemsikia. Jana imekufa." Tukawasha.

Tulikwenda mistari mitatu. Kwenye wa nne mashine ikakohoa, ikakata pumzi yenyewe. Nikamwachia Laurenti mkono wa kusukumia, nikazunguka mbele, nikapiga magoti nikachungulia. Majani yalikuwa yameshindiliwa mle ndani kama matoke yaliyopondwa. Kimya kabisa. Nikasikia hata mawimbi ya ziwa.

Meneja akaita kutoka barazani. "Kaijage! Mashine zima?"

Hapa naomba msomaji asimame nami. Kiswahili cha meneja hakikuwa na vichwa wala mikia. Alichotaka kujua ni kama mashine ni nzima, kama haikuvunjika. Mimi niliyekuwa nimepiga magoti mbele ya mashine iliyonyamaza nilisikia anauliza kama imezimwa. Nikajibu kwa Kiswahili chake, kwa sababu mkubwa akikosea maneno unakosea pamoja naye. Hiyo ndiyo heshima tuliyofundishwa.

"Zima, bwana!"

Heshima hiyo ndiyo iliyonikata vidole. Ningesema "imezimika," kama mwalimu wangu wa darasa la nne alivyonifundisha kwa fimbo, pengine leo ningekuwa na kumi.

"Haya, vuta!" akasema meneja.

Mimi nikasikia: vuta majani. Laurenti aliyesimama nyuma akasikia: vuta kamba ya kuwashia. Wote wawili tulikuwa watumishi watiifu. Tukavuta kwa pamoja.

Sikusikia maumivu. Nilisikia mlio kama wa mtu anayevunja muwa. Nikaenda kukaa juu ya kokoto nikahesabu. Nane. Nikahesabu tena nikianzia upande wa pili. Nane. Mkono wa kulia, kile cha kuoneshea na cha kati, vimebaki vigutu.

Laurenti alikuwa amesimama na kamba mkononi bado. "Ta Kaijage," akasema, akiniita kwa heshima ya Kihaya hata saa ile, "alisema vuta. Umemsikia. Alisema vuta."

Meneja akaja na sanduku la dawa. Akamwagia maji, akapaka dawa ya rangi ya kutu, akafunga kitambaa cheupe, safi hata nikaamini kuwa kitambaa ndicho tiba. Udongo na majani aliona. Aliyafunga mle mle. Nikataja hospitali. Akatazama saa yake.

"Hapana hospitali. Damu kwisha. Sasa wewe zima," akasema. "Nenda nyumbani, lala wiki mbili."

Nami, mjuzi wa ujanja wote wa sokoni, nikaona mlango umefunguka. Nikamwambia tatu. Akakubali pale pale bila kubishana. Mtu akikubali bei yako ya kwanza, ujue kuna kitu anachokijua nawe hukijui. Hilo nalijua tangu utoto. Siku ile nilisahau.

Nyumbani Kagoma, mke wangu Yustina alinilaki kibanjani kati ya migomba, akautazama mkono, akanipa maji. Kisha akasema, "Twende hospitali." Nikamwambia mzungu amekwisha tibu. Shangazi yangu Nyakato, aliyenilea, akasema kitambaa hakitibu mtu, akakifungua akanipaka majivu ya jikoni. Kwa hiyo nilikuwa nimetibiwa mara mbili, na mara zote mbili bure. Yustina alisema hospitali siku ya pili, ya nne na ya sita. Siku ya sita nikamfokea. Fungu hilo la hasira nalo ni langu.

Siku ya tisa nilikuwa mnadani Nshamba. Taya lilikuwa limekaza tangu asubuhi, nikadhani ni jino. Kulikuwa na beberu mweusi, na mwenyewe mzee mmoja wa pale pale, mgumu kama gogo. Akataja bei. Nikafungua mdomo nimcheke, mdomo ukakataa. Nikabaki nimemkazia macho, meno yameshikana. Mzee akangoja. Akapunguza. Nikajaribu tena kusema. Shingo ikakaza, kichwa kikarudi nyuma kidogo kama cha mtu anayedharau. Akapunguza tena.

"Wewe mtu una roho mbaya!" akasema. "Haya, mchukue! Hata neno hunipi?"

Katika maisha yangu yote sijapata mbuzi kwa bei ile. Nimefanya biashara kwa mdomo miaka ishirini, na siku mdomo ulipofungwa ndiyo siku niliyoshinda. Nikaanguka pale pale, kamba ya mbuzi mkononi.

Ugonjwa huu kwa Kiswahili unaitwa pepopunda. Aliyeupa jina hilo alimtazama mgonjwa vizuri. Mwili unapinda nyuma kama upinde, visigino na kisogo ndivyo vinavyogusa kitanda, na akili haiendi popote. Hapo ndipo penye ukatili wake. Ukipata homa kali unaweweseka, unasamehewa kujua. Mimi nilijua kila kitu. Na uso unavutwa pembeni mpaka unafanana na mtu anayecheka. Waliponipandisha kwenye lori la kahawa kunipeleka hospitali ya misheni, watu wa sokoni walisema, "Mwone, anacheka!" Lori lilikuwa na magunia na barabara ilikuwa na mashimo. Kila shimo lilinipinda. Nilihesabu mashimo mpaka sitini na moja, hesabu ikanipotea, na sikuweza kurudi nihesabu upya.

Hospitalini tulikaa barazani kwanza. Benchi tatu, watu kumi na tisa, na mtoto aliyekuwa na kikohozi cha kubweka. Kila alipobweka nilipinda. Yustina alimwambia mama yake kwa upole, "Mama, naomba umpeleke uani kidogo." Yule mama akajibu, "Wako anacheka, wangu anakufa." Hakuna aliyekuwa na kosa. Ndipo Sista, mwuguzi wa kizungu mwenye miguu mikubwa asiyevaa viatu vya kelele, akapita, akaniona ninavyocheka, akaacha kila kitu.

Nikachomwa sindano za dawa iliyotengenezwa, nilivyoambiwa baadaye, kwa damu ya farasi. Ugonjwa wa punda, dawa ya farasi. Kati yetu mimi peke yangu ndiye niliyekuwa mtu, na hilo nalo lilikuwa bado linajadiliwa.

Chumba changu kilikuwa cha pembeni. Dirisha lilizibwa blanketi. Sista alimwambia Yustina kwa kunong'ona, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu: "Mama, mwanga unaweza kumwua. Kelele zinaweza kumwua. Mtu akimgusa ghafla anaweza kumwua. Mlango huu ni wako."

"Na mdomo wake?" Yustina akauliza.

"Mdomo utafunguka mwisho. Tungoje kwanza aishi."

Nikalala nikiusikiliza mdomo wangu. Mtu wa kazi nyingine angeogopa kufa tu. Mimi niliogopa mambo mawili: kufa, na kuishi bila kufungua kinywa. Dalali bubu ni nini? Ni mbuzi mwingine sokoni.

Nililishwa maziwa kwa mpira mwembamba uliopitishwa puani. Mwili ulikauka, mbavu zikatoka, misuli ikauma kama mtu aliyelima ekari kumi, na nilikuwa sijanyanyua hata kijiko. Mishtuko ya siku ya tatu ilikuwa thelathini na nane. Siku ya nne, arobaini. Katikati ya mshtuko na mshtuko nilitunga matusi. Nilikuwa na kumi na saba ya meneja na tisa ya Laurenti, nimeyapanga kwa zamu, ya Kihaya kwanza, ya Kiswahili baadaye. Niliyarudia yote ili yasinipotee. Usiniambie hasira haimweki mtu hai. Nilikuwepo.

Kisha wakaja ndugu. Kwetu mgonjwa haachwi. Mtu huja na ndizi zake, anamwamkia mgonjwa, anauliza alivyolala, alivyoshinda, watoto hawajambo, ng'ombe hawajambo, na kila jibu lina mwitikio wake. Usipoamkiwa umekwisha kuzikwa. Shangazi Nyakato akaja na watu saba, wote wameoga, wote wana sauti. Nikawasikia barazani, mgongo ukaanza kukaza kabla hawajafika.

Yustina alisimama mlangoni, hana viatu. "Shangazi, waitu," akasema kwa neno letu la heshima, "usiku mwema na mchana mwema, lakini hamwingii."

"Nani haingii?"

"Hakuna anayeingia. Semeni polepole."

"Mimi nimemlea mtoto huyu!" Sauti ya shangazi ikapanda. "Wewe umekuja juzi na mkeka wako! Mwanamke gani anawazuia watu kumwamkia mgonjwa? Au amekwisha kufa, unatuficha?"

Neno lile la mwisho lilinipinda hata kitanda kikalia. Yustina hakubishana. Alimshika shangazi kifundo cha mkono, akamwingiza peke yake gizani, akauweka mkono wake juu ya tumbo langu. Tumbo lilikuwa ubao. Nje, mmoja wa wageni akaangusha kikapu; chini ya kiganja cha shangazi mwili wangu wote ukaruka, ukapinda, ukabaki umepinda. Aliisikia kelele ile kwa mkono wake.

Alitoa mkono taratibu, kama mtu anayeutoa kwenye kiota. Akatoka. Tangu saa ile alikaa kwenye kizingiti na fimbo yake, na kwa majuma mawili hakuna mgeni aliyepita, hata mchungaji. Mchungaji aliambiwa, "Omba ukiwa huko huko. Mungu ana masikio." Yustina na yeye hawakuwa wamepatana tangu harusi. Walipatana kwa kupokezana kunyamaza.

Juma la tatu akaja Laurenti. Yeye shangazi alimruhusu, kwa sababu hakumjua na alikuwa mtu wa kunong'ona. Alikuwa amevaa zile buti. Mkononi alikuwa na karatasi.

"Ta Kaijage, pole, waitu," akasema. "Bwana amenituma. Hapa imeandikwa kwamba uliingiza mkono kwa uzembe wako, mashine ikiwa katika kazi. Unaweka dole gumba tu." Akainyoosha karatasi. "Mimi nimekwisha weka langu. Kama shahidi."

Nilimtazama. Uso wangu ulikuwa unacheka.

"Kama una neno, sema," akaniambia.

Kama una neno, sema! Nilikuwa na maneno ishirini na sita, yamepangwa! Mgongo ukanyanyuka kitandani. Laurenti akarudi nyuma mpaka ukutani. Yustina akauchukua mkono wangu wa kushoto, ule wenye vidole vyote, akaufunika na blanketi, akaukalia.

"Ataweka dole atakapoweza kusema," akamwambia. "Mwambie bwana wako hivyo."

"Atasema lini, mama?"

"Hata mimi ningependa kujua."

Laurenti akaikunja karatasi mara nne, akaondoka. Hakurudi, wala karatasi haikurudi.

Pasaka ilipita nikiwa gizani; niliisikia kwa mbali, kwaya imeombwa iimbie upande wa pili wa kilima. Baada ya hapo mishtuko ikapungua: ishirini, kumi na mbili, mitano. Blanketi la dirishani likafunguliwa upana wa kiganja. Sista akaanza kunipima mdomo kwa vidole vyake. Kwanza ukucha. Siku kadhaa baadaye, kidole kimoja. Nilikuwa na pengo la jino la pembeni nililoachiwa na mteja mmoja wa zamani, na kupitia pengo hilo Yustina akanidondoshea mchuzi wa kwanza. Nimemsamehe yule mteja.

Wakati watu wanaanza kuchuma kahawa nilihamishiwa wodi kubwa. Kitanda cha jirani kilikuwa na dereva wa lori, Selemani, paja limevunjika, mtu wa kupenda injini kuliko watu. Nilikuwa nazungumza kwa meno yaliyofumba, kama mwizi. Nikamsimulia yote. Akasikiliza, kisha akauliza jambo moja.

"Waya wa plagi mlikuwa mmeutoa?"

"Waya gani?"

"Juu ya injini, mbele, kuna plagi. Ina waya mmoja mnene wenye kofia. Unauchomoa kwa mkono, unauweka kando. Hapo hata avute kamba mpaka Krismasi, haiwaki. Ndipo unaingiza mkono chini, tena kwa kijiti, si kwa vidole. Hata mimi na lori langu, siwezi kugusa kitu nikaamini neno la mtu eti imezimwa. Mtu anaweza kusema lolote."

"Waya una urefu gani?"

Akanionyesha. Urefu wa kiganja.

Sikulala siku hiyo. Nilimwomba anionyeshe tena. Kiganja kimoja. Vidole viwili, majuma saba, mbavu zangu, fedheha ya kupinda mbele ya wageni, Yustina kulala sakafuni, yote kwa sababu ya kitu ambacho mtoto angekichomoa. Meneja aliujua waya ule. Aliye na mashine anaujua. Alitufundisha oili, alitufundisha vitundu vya magurudumu, alitufundisha yote yaliyohusu afya ya mashine.

Nilirudi Kagoma mdomo ukifunguka upana wa vidole viwili. Hapo ukakwama. Kahawa ikachumwa, ikaanikwa, ikauzwa, vidole viwili. Nililala na kipande cha mti kati ya meno kama Sista alivyoagiza, vidole viwili. Sokoni nilinong'ona, na mtu anayenong'ona bei huonekana anauza mali ya wizi. Yustina alilima zaidi, akauza maharage, akawa ananisaidia kusema. Wanaume wakacheka. Kuna usiku nilimwambia kwa ukali, "Usinisemee!" Akajibu, "Basi sema." Nikageukia ukutani. Nasema haya kwa walio na wagonjwa majumbani: ugonjwa ukitoka mwilini hukaa kidogo sebuleni kabla haujaondoka kabisa.

Vuli ikaja na senene wake, panzi wetu wa kuliwa. Watoto wakawa wanakimbia huku na huku wakiokota, nyumba zote zinanukia kukaangwa. Nikawa nakula mmoja mmoja, nasukuma kwa kidole. Siku moja nilimtema mmoja nikasema yatosha. Nikavaa koti, nikapanda lori kwenda Bukoba. Nilikuwa na maneno ishirini na sita na nilitaka kuyafikisha, hata kwa kunong'ona.

Meneja hakuwepo. Amekwenda Ulaya likizo, akaniambia mpishi, na akirudi atapelekwa kwingine. Kumi na saba yakabaki mikononi mwangu. Nikaenda nyuma ya nyumba kumtafuta mwenye tisa.

Laurenti alikuwa katikati ya uwanja, peke yake. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mashine ilikuwa imenyamaza mbele yake, imefungwa na majani, na mwenzake mpya, mtu mwingine kabisa, alikuwa ameshika mkono wa kusukumia, kamba ya kuwashia inaning'inia kando ya kidole chake. Laurenti alipiga magoti. Akachungulia. Akakunja shati. Waya ulikuwa juu ya plagi, niliuona kutoka kwenye ua, mweusi, urefu wa kiganja.

Mkono wake ukaanza kwenda chini.

"TOA MKONO!"

Kitu kililia karibu na sikio langu kama ukuni mkavu ukipasuka, na sauti ikatoka yote, ile ya mnadani, ile ya kumzuia mteja aliyekwisha kufika barabarani. Kunguru waliruka. Mpishi akatoka na mwiko. Laurenti akaanguka kwa makalio kwenye maji, mikono yote miwili juu, vidole vyote kumi wazi.

Nilifika kwake nikihema. Taya lilikuwa linawaka moto. Lilikuwa wazi.

Alinitazama kutoka chini, akaitazama mikono yangu, akaanza kulia bila kujificha, mtu mzima yule.

"Ta Kaijage," akasema, "najua umekuja kunipiga."

"Ndiyo, nimekuja kukupiga," nikamwambia. "Lakini kwanza toa waya."